Moyo Ulipokwama

Projekta ni ya shule tatu.
Kwetu Matondoni hufika Alhamisi,
ndani ya kikapu cha ukili, imeviringwa kanga
ya mamake Bunu, iliyochanika pindoni,
yenye maandishi: WALIDHANI SITAFIKA.

Ukutani natundika shuka jeupe.
Lina doa la chai upande wa juu,
kwa hiyo kila nchi tunayoitazama
ina ziwa palepale.

Bando nimelinunua mwenyewe, la shilingi hamsini.
Mke wangu hajui, au anajua na amenyamaza.
Mtandao haulipendi darasa. Unalipenda dirisha la pili,
basi simu huilaza pale, juu ya daftari la mahudhurio,
na kazi ya Shekuwe ni kuilinda
kuku wa jirani wasiidonoe.

Gredi ya Nane. Somo: moyo.

Na moyo ukatokea,
mkubwa kuliko mlango, buluu huku, mwekundu kule,
unapiga, doa la chai juu ya mshipa mkuu,
na watoto thelathini na wanane wakatulia
kama safu inayongoja takbiri.

Kisha ukakwama.
Katikati ya pigo. Vali nusu wazi,
damu imening'inia, haiendi hairudi,
na kile kiduara kikazunguka, kikazunguka,
kama mtu anayetafuta kiatu chake mlangoni mwa msikiti.
Bunu akasema, "Mwalimu, amekufa."
Wakacheka.
Tima Lali hakucheka.

Nikangoja dakika nne. Nikasema, haya,
vidole viwili shingoni, chini ya taya.
Si hapo, Shekuwe, hilo ni koo.
Hesabuni.
Na darasa zima likahesabu kimoyomoyo.

Halafu nikashika chaki.
Nikachora vyumba vinne, mishale, majina,
kulia nikaandika kulia, kushoto nikaandika kushoto,
kwa mkono wa mtu aliyefundisha miaka kumi na minane.
Wakanakili. Nikaweka vyema.

Alhamisi ya pili, sijaifungua hata kanga,
Tima Lali amesimama.
Jumamosi alikwenda Amu kwa mjomba wake,
akaazima simu, akautazama moyo mwanzo hadi mwisho
mara tatu, akaandika kwa penseli
nyuma ya daftari la Hisabati.

"Mwalimu, kulia kwa moyo umekuweka kulia kwetu.
Lakini moyo unatutazama.
Kulia kwake ni kushoto kwetu.
Kama mtu aliyesimama mbele yako."
Akanigeukia, akaweka kiganja kifuani
ili nione.

Mato sabini na sita.
Nikautazama ubao, nikamtazama yeye,
nikaelewa: miaka yote hiyo
nimekuwa nikichora moyo wangu mwenyewe kwenye kioo,
si wa mtu anayenikabili.
Na nikamkumbuka Mwanakhamisi, wa darasa langu la kwanza,
ambaye sasa ni muuguzi.
Ewe Mola, naomba awe alifundishwa upya.

Sikupata kifutio. Nikafuta kwa kiganja,
nikampa chaki.
Alichora polepole, ulimi nje kidogo,
na mishale yake ilikuwa mibaya, imepinda kama ndoano,
lakini ilikwenda kunakostahili.

Nyuma yetu, bila mtu kuugusa,
ule moyo wa shukani ukafunguka,
ukaendelea na pigo lake la wiki iliyopita.

"Mwalimu," akauliza Bunu,
"huyu mwenyewe ni nani? Anajua tunauona?"

Nilikuwa nimeanza kusema sijui
Shekuwe alipopiga ukelele: "Kuku! Kuku!"
Simu ikaanguka mchangani nje ya dirisha,
mwanga ukabaki mtupu ukutani,
mweupe, una ziwa moja.