Wekundu wa Kisutu

Kamera yangu ni ndogo, yaingia mkobani
kando ya funguo na pakiti ya ubani.
Haina kioo tumboni, haina filamu,
ila ina gurudumu la kuchagulia zamani:
geuza, upate rangi za slaidi,
mwarubaini wa jalalani uwe kijani cha peponi;
geuza, upate negativu za arusi, ngozi zote laini;
geuza tena, nyeusi na nyeupe, yenye chenga chenga
kama sukari iliyomwagika usiku.
Mimi zamani hizo sikuwapo.
Huzigeuza tu.

Lenzi niliinunua kwa Hasmukh
siku alipokuwa akiifunga studio ya babake,
akiuza hata kiti cha wateja
na kitana kilichofungwa uzi kando ya kioo.
Milimita thelathini na tano, ya chuma,
nzito kuliko kamera yenyewe,
na ndani yake nyuzi nyeupe za ukungu.
"Huu ni unyevu wa Mombasa," akaniambia,
"uliingia kabla yako. Ukiusugua, utasugua na kioo."
Nikalipa. Nikatafuta pete ya kuunganishia,
nikaikaza, ikakazika shingo upande.

Wiki nzima nimekuwa nikiifuata picha moja:
mama, siku ya pili ya arusi yake, studio hiyo hiyo,
nyuma yake maporomoko ya maji yaliyochorwa,
mabegani kisutu.
Rangi ile! Kama chai ya maziwa iliyopoa,
wekundu umelegea ukawa kutu,
weupe umeiva manjano.
Nikapunguza wekundu alama mbili, samawati tatu,
nikainua vivuli, nikatia joto, nikatia chenga,
nikashuka Barabara ya Biashara
nikasimama dukani kwa Taibali hadi akanichoka:
"Dada, wanunua leso au waipima homa?"
Nilinunua. Nikaipiga pale pale juu ya meza yake.
Ikatoka mle mle. Nikaona nimefika.

Ghorofani, Guraya, nikampa mama kamera.
Akaipeleka dirishani, akaiweka mbali na uso, akaileta karibu.
"Hini leso ni ya mtumba?"
"Mpya, mama. Nimeifananisha na yako."
"Yangu ipi?"
Nikamwonyesha ukutani.
Akacheka hata akaketi.
"Mwanangu, hiyo si rangi ya arusi. Hiyo ni rangi ya ukuta.
Miaka thalathini na mmoja picha iko juu ya jiko,
yala moshi wa mahamri, yala chumvi, yala jua la saa tisa.
N'likuwa mwekundu mimi! Mwekundu wa kumzindua aliyelala!
Mato yangu yangali mazima, usinifundishe."

Akavuta kasha chini ya kitanda.
Udi ukatoka kwanza, kisha karatasi, kisha chenyewe,
kimekunjwa mara nane.
Leso nyingine zina jina, zasuta majirani, zaomba radhi;
kisutu hakina neno hata moja,
na alipoukunjua mkunjo wa mwisho
nami sikuwa nalo.

Nikarudisha kila kitu sifuri.
Nikapiga. Ikatoka rangi ya machungwa.
Nikageuza slaidi: ikatoka damu.
Nikageuza arusi: laini, ya heshima, ya uongo.
Ukungu wa Hasmukh ukaelea juu ya kila fremu
kama mtu apumuaye karibu na kioo.

Ile rangi ya chai sikuifuta.
Iko nafasi ya nne; nimeiita Ukuta.
Nafasi ya tano ni tupu,
na mama amesimama dirishani, mikono ameinyosha,
nusu ya kitambaa kivulini, kwa makusudi.
"Haya, piga upesi nikikunje," asema.
"Jua nalo hula."