Rangi ya Ufizi

Timboroa, Machi, kabla ya mvua.
Maji ya karai yameganda utando;
tunauvunja kwa kisigino ndipo tunawe uso.
Huku juu hata moshi huchelewa kuamka.
Mahindi yalijaribu, yakashindwa.
Ni viazi, njegere, na shayiri ya kampuni,
na nyasi fupi ngumu zinazokwaruza vifundo.

Na wao.
Wawili wawili, kijivu cha ukungu,
shavu jeupe, kidevu chekundu,
kichwani taji la nyuzi kavu za dhahabu
kama ufagio mpya usiowahi kugusa sakafu.
Hutoka kinamasini jua likichomoza
wakipiga miguu chini, tap, tap,
kama wageni wanaobisha mlango wa ardhi.
Ardhi hufungua. Mbegu hutoka.

Baba alihesabu vishimo.
Alihesabu kwa njiti za kiberiti, mstari kwa mstari,
akarudi mezani na kiberiti kitupu.
"Gunia zima," alisema. "Wamekula gunia zima."
Lakini jiwe hakuliinua.
Kong'ony ni ndege wa ukoo wetu,
na mtu halirushii jiwe jina lake mwenyewe.

Ndipo akaja afisa wa kampuni, Bwana Ngatia,
buti safi, daftari kwapani,
na mbegu zilizopakwa dawa,
za pinki, rangi ya ufizi wa mtoto.
"Hizi huhitaji jiwe," alisema.
"Panda tu, ukalale."
Baba akatia sahihi. Kalamu ilikuwa ya mgeni;
mkono ulikuwa wake.

Usiku ule nilisikia maji.
Si mvua: mvua ya hapa hugonga bati kwanza.
Nikachungulia. Mama, Tapkigen binti Sirtui,
kachuchumaa nyuma ya jiko, koroboi ubavuni,
mikono karaini hadi viwiko,
anasugua shayiri kama anavyosugua kola za shule,
anamwaga maji ya pinki chooni, ndoo baada ya ndoo,
yasije yakafika kinamasini,
anaanza upya.
Yeye si wa ukoo ule, aliolewa tu.
Wa kwao ni nyuki, tena wako mbali, Kabiyet.
Nikamwuliza mbona.
Akasema, "Shika ndoo."

Nikashika. Hadi leo nikigusa chuma baridi
viganja vyangu hukumbuka kabla yangu.

Kulipokucha mbegu zilikuwa zimeanikwa, zimepauka,
zimerudi kuwa shayiri.
Mama akamimina chai.
Vidole vyake vyote kumi, hadi ndani ya kucha,
rangi ya ufizi.
Baba akavitazama. Akautazama mvuke.
Akanywa kikombe, akanyoosha mkono aongezwe,
na hakuna aliyesema neno
isipokuwa birika.

Tukapanda. Siku ya tatu wakaja,
wale wawili na mtoto wao wa mwaka jana, taji bado fupi,
wakabisha, tap, tap,
wakaanzia mstari wa kando ya uzio,
tulioupanda vizuri kuliko yote.

Mavuno yalikuwa mabaya. Kutu iliingia majani Julai,
kampuni ikakata deni lake, tukala viazi
hadi viazi vikawa tusi nyumbani mwetu.
Dada yangu alikaa muhula mzima bila karo.
Sisemi mama alikuwa sahihi.
Nasema tu nilichokiona asubuhi ile ya tatu:

dume akaruka, akafungua mbawa nyeupe,
akatua, akamwinamishia mwenzake taji,
na baba, amesimama juu ya jalidi,
pumzi yake nyeupe mbele ya uso,
akavua kofia yake ya sufu
akaishika kifuani.
"Jasho," alisema, alipoona namtazama.

Baridi ile.
Jasho.