Kitenzi Kimoja

Saa nane usiku, ghorofa ya nne, Barabara ya Ngong.
Mtambo unapumua, hauzimwi:
saa kumi na moja alfajiri
utakata marejesho, simu kwa simu.
Na Gikomba tangu magharibi mabanda yanafuka moshi.

Mwalimu Wakesho alituimbisha ngeli,
mti, mlango, mkopo, U-I, U-I,
chaki ikigonga ubao.
Ngeli, alisema, haichezewi.

Nikaifungua ngeli ya Mkopo
kama fundi anayefungua saa
ingali mkononi mwa mtu, na mtu anatembea.
Nikaitia kitenzi, mistari mitatu tu:
subiri.

Sikubisha hodi kwa yeyote.
Mikopo elfu sita na ushei,
iliyozaliwa Januari, iliyozaliwa jana,
ya marobota ya mitumba, ya cherehani,
ya yule wa viatu vya mguu mmoja mmoja,
yote ikajua kusubiri
kana kwamba ilizaliwa ikijua.

Saa kumi na moja ikapita.
Hakuna simu iliyolia.

Saa tatu Nyangweso akaja na chai ya maziwa,
akasoma faili la ngeli, akarudia, kidole kwenye kioo.
"Hiki kitenzi hakijaandikwa popote. Kimetoka wapi?"

Hakijaandikwa, kweli. Kiko hewani,
katika kumbukumbu ya mtambo ulio macho;
ukilala, hautaamka nacho.

"Basi tuuzime, tuuwashe upya,"
akasema, mkono ukienda kwenye kitufe.

Mdomo wangu ukafunguka wenyewe:
Subiri.