Kipande cha Kumi na Saba

Filamu ilikuwa na gigabaiti themanini na sita.
Asylkan, mshika funguo wa jumba la sinema la At-Bashy,
aliniuliza hizo ni sawa na magunia mangapi.
Mimi, mwalimu wa hesabu, nikakosa jibu.

Tulianza Jumatatu, theluji imefika madirishani.
Nilibofya mara moja tu, kwa adabu,
kama mtu anayebisha hodi kwa wakwe.
Kivinjari kikasema: zimebaki saa tisa.
Baada ya chai kikasema: zimebaki siku nne.
Baada ya chai ya pili: dakika kumi na mbili.
"Mwongo huyu," akasema Asylkan, "lakini ana matumaini,
kama marehemu mume wangu alipokuwa akidaiwa."

Tukakesha kwa zamu,
makaa yakinong'ona ndani ya jiko la chuma,
na ule mstari wa buluu ukitambaa
kama konokono aliyetumwa dukani.
Asilimia sitini. Sabini na moja.
Alfajiri, tisini na saba.
Myrza, mtoto wa jirani, akaja kutuamkia,
akaona tumechoka, akatuonea huruma,
akachomeka birika.

Giza.

Umeme uliporudi, kivinjari kilikuwa kimeshanawa mikono.
Hakikulijua faili, hakikuujua usiku, hakikutujua sisi.
Nikabofya "endelea". Kikaanza sifuri.
Haba na haba hujaza kibaba, ndiyo,
ila kibaba nacho lazima kiwe na kumbukumbu.

Jumanne kompyuta ilisinzia yenyewe.
Jumatano kiungo kilikwisha muda wake,
kikatujibu kama karani saa ya chakula: huna ruhusa.
Alhamisi nikalielekeza faili kwenye diski ya halmashauri,
yenye nafasi ya kulaza ngamia na ndama wake,
nayo, kila ilipofikisha gigabaiti nne, ikafumba mdomo.
Iliumbwa zamani. Haimezi tonge kubwa kuliko hilo.

Nikampigia simu Chinara, mhariri, kule Bishkek.
"Ikatekate," nikamwomba.
"Filamu si nyama ya kondoo."
"Huku hata kondoo haingii sufuriani mzima."

Vipande ishirini na nne.
Vilikuja kama wageni wa msibani:
vingine mapema mno, vingine vikisukumana mlangoni,
cha tisa kikaja mara mbili.
Cha kumi na saba kilifika mara tano,
na mara zote tano kilikuwa kimevunjika.

Jumamosi ukumbi ukajaa, makoti hayakuvuliwa.
Walikuja kujiona wenyewe, malishoni, kiangazi kilichopita.
Asylkan aliziona nywele zake akajifunika uso.
Kisha, baada ya kipande cha kumi na sita, pazia likawa jeusi,
nami nikasimama kuomba radhi.

"Hapa," ikasema sauti ya Rysbubu, safu ya tatu,
"ndipo farasi wa Sooronbay alipokataa kuvuka mto."
"Hakukataa. Alikuwa anakunywa."
"Alikunywa, kisha akakataa!"
Mtu akauiga mto kwa mdomo.
Mwingine, sikumtambua, akaeleza taratibu
jinsi Sooronbay alivyoshuka, akavua buti, akatangulia majini,
na farasi akamfuata kwa aibu.
Sooronbay mwenyewe alikaa nyuma, kofia magotini,
asiseme lolote.

Dakika saba za giza, na hakuna aliyetoka.
Nilipofungua cha kumi na nane
farasi alikuwa ng'ambo tayari, manyoya yakichuruzika,
na watu wakapiga makofi
kama waliombeba wao.

Kipande kilifika Jumatano iliyofuata, kizima.
Nilikitazama peke yangu, mlango nimeufunga.
Farasi hakunywa. Hakukataa.
Alivuka tu, kwa hatua za kawaida,
na Sooronbay juu yake akipiga miayo.

"Kimefika?" akauliza Asylkan, akitikisa funguo.
"Bado," nikasema.
"Asilimia tisini na saba."