Upepo Kwanza

Saa nane usiku, Swift Current, Saskatchewan.
Nje ishirini na moja chini ya sifuri;
ndani ya gari-nyumba, maji ya kikombe
yameota ngozi ya barafu.
Nimesukuma kitufe cha ukutani: kumi na nane, ishirini, ishirini na tano,
kama mnunuzi anayepandisha bei
na muuzaji hageuki.
Kabatini feni inaguna.
Inaguna, inapumua, inanyamaza.

Palipo na moshi pana moto, walisema.
Mimi sina makuu. Nipeni hata moshi.

Haya, tuwaite washukiwa.
Mtungi: nimewasha jiko, ua la buluu limechanua.
Gesi ipo, mwachieni aende.
Fyuzi: nimeichomoa kwa kucha, nikaimulika kwa tochi,
uzi wake mzima, hana hatia.
Betri ndogo za kitufe: za juzi,
nilizinunua pamoja na viazi.
Betri kubwa, ile ya chini ya ngazi,
ngoja.
Volti kumi na nukta saba.
Huyu amefunga siku tatu bila kufuturu.
Ndiyo maana feni inazunguka kwa kinyongo,
kama mtu aliyeamshwa kufungua geti.

Saa moja asubuhi wazee thelathini na wawili
watakuwa wananingoja niwavishe soksi.
Nitawagusaje kwa vidole hivi?

Nimegonga kwa Lorne Hrycak, gari la tatu,
fundi wa mashine za kuvunia ngano, mstaafu,
asiyelala, na asiyeuliza kwa nini hulali.
Ameburuta waya wa rangi ya chungwa juu ya theluji,
akauchomeka kwangu.
Feni ikapata roho. Ikavuma!
Tukasubiri cheche.
Tukasubiri.
Ikavuma tu, kama mwanasiasa.

Lorne akakaa kwenye ngazi na kikombe chake.
"Mwanaidi, humo ndani kuna kibati
chepesi kama ukucha.
Upepo ukikiinua, swichi inakubali,
ndipo gesi inaruhusiwa kutoka.
Upepo kwanza, moto baadaye.
Bila hicho, ungekufa usingizini."
Nikakiheshimu kibati kabla sijakiona.

Skrubu nne. Moja ilishapotea zamani,
moja imeingia kwenye ndara yangu.
Nimelala kifudifudi, tochi mdomoni,
kibanio cha nyusi mkononi
(sasa nimejua kwa nini nilikihamisha nacho nyumba tatu),
nikavuta.
Kikatoka kishungi: vumbi, na nywele.
Ndefu, za manjano, ngumu.
Si zangu; zangu nyeusi, zi chini ya kilemba.
Si za Lorne; Lorne hana.

Ndipo nikakumbuka bakuli la bati
nililolikuta chini ya sinki siku ya kununua,
limekwaruzwa kwa msumari: RUFUS.
Kumbe ni wewe.
Sijui ulikufa lini, wala ulimpenda nani,
ila ulilala hapa, mbele ya tundu la joto,
majira ya baridi yako yote,
ukiacha unywele mmoja mmoja
hadi ukafunga mlango wa upepo.

Tik.
Tik. Tik.
Kisha, vuuu.

Joto la kwanza limekuja na harufu ya vumbi linaloungua
na mbwa. Mbwa kabisa, aliyelowa, wa Jumapili.
Vioo vimeanza kutoa jasho.
Lorne amesimama, goti lake likalia kuliko hita.
"Waya utanirudishia kesho," akasema,
na kesho ilikuwa imeshafika.

Nimelifunga kabati. Nimekaza, nimekagua.
Imebaki skrubu moja kiganjani,
sijui ya wapi.
Hita inanguruma.
Sitaiuliza.