Kuni za Majira ya Baridi

Zamani zabuni ilikuja kwa bahasha,
na bahasha ikija, huja na mwenzake.
Nilizipokea mimi, Mzevinari, mhasibu wa shule
huku milimani Racha, ambako theluji haipigi hodi.
Ya kwanza niliigonga muhuri mwekundu.
Ya pili iliingia ofisini kwa mkuu kwa mlango wa nyuma,
ikatoka imekonda.
Jemali, shemeji wa mkuu, alishinda miaka tisa mfululizo.
Hakuna aliyeuliza. Mkono mtupu haulambwi,
na sisi wengine mikono yetu ilikuwa mitupu.

Leo natangaza kwa kompyuta:
kuni kavu, mita za ujazo arobaini,
zifike ghalani kabla ya tarehe ishirini Oktoba.
Nikishabonyeza, tangazo si langu tena.
Analisoma dereva wa Kutaisi akisubiri gari lake lioshwe,
analisoma mwanafunzi anayewinda kosa langu la hesabu.
Alilipata: nilisahau kodi.

Mnada wenyewe ni wa kichwa chini miguu juu,
hapa anashinda anayeshuka.
Raundi tatu. Majina yamefichwa, bei zi uchi.
Elfu nne na mia mbili. Elfu nne kasoro hamsini.
Mtu fulani, sijui nani, anafikiri dakika nzima,
nusura nisikie pumzi yake ndani ya skrini,
kisha anateremka: lari elfu tatu na mia sita.
Saa inagonga sifuri. Majina yanavuliwa barakoa.
Lamara, mjane wa ng'ambo ya mto,
mwenye lori moja na wana wawili.
Wa pili, Jemali.

Safari hii Jemali hakumpigia shemeji simu.
Alifungua nyaraka za Lamara, kama awezavyo yeyote,
akakuta kibali cha msitu kimepitwa na siku nne.
Akalalamika hadharani, kwa jina lake kamili.
Nilitaka kumchukia, nikashindwa:
mlango tuliouacha wazi
haukuandikwa nani asipite.

Siku kumi za kusikilizwa.
Lamara akatoa risiti ya kibali kipya,
kimelipiwa kabla ya mnada, kimechelewa kupakiwa tu.
Theluji ilikuwa imeshafika, siku ya nane.
Watoto waliandika wamevaa glavu,
herufi zikavimba daftarini.

Tarehe tatu Novemba lori likarudi nyuma hadi ukutani.
Mfumo unaona bei, unaona saa, unaona nani kagusa nini.
Unyevu hauuoni.
Nikashika magogo mawili, nikayagonganisha karibu na sikio.
Gogo kavu hulia, bichi hukohoa.
Lamara alisimama kimya,
mikono ameificha ndani ya mikono ya koti.

Yakalia.

Nikaandika: zimepokelewa.
Nikabonyeza,
na Jemali, popote alipokuwa, akasoma.