Nukta Tatu za Chaki

Ramani ya dunia ya shule yetu, hapa Sikonge,
ililiwa na mchwa mwaka juzi, wakianzia Ulaya.
Walishuka taratibu, wakaimaliza Italia,
wakakomea ufukweni Tunisia. Nadhani walishiba.
Kwa hiyo Malta ya leo naichora mwenyewe:
nukta ya chaki, pembeni yake nukta ndogo,
na kati yao ya tatu,
ambayo Mihayo anadhani ni uchafu wa ubao.

"Mwalimu, hiyo ndiyo nchi nzima?"

Nzima. Ina bendera, ina jeshi, ina makao makuu.
Wilaya yetu ingeimeza asubuhi
na kufika mchana ikadai chakula.
Kilele chao kirefu kuliko vyote
hakifiki robo ya kimo cha sakafu hii mliyokanyaga,
ukipima kutoka baharini.
Darasa linajinyoosha migongo,
kama kwamba urefu huo ni juhudi zao.

Mto hawana. Hata mmoja wa kudumu.
Hapo hawacheki. Oktoba wanaijua,
wanajua ndoo ya pili hupatikana saa ngapi za usiku.
Nawaambia wenzetu huivuta bahari,
wakaitoa chumvi kwa mitambo, wakanywa.

Uchumi ndio ulionishinda kueleza.
Wageni hupanda ndege, hulipa hoteli,
hulala mchangani wakalichoma jua.
"Wanajianika?" Nyamizi anauliza. "Kama tumbaku?"
Kama tumbaku, nasema, ila tumbaku hailipi nauli.
Zipo na meli, za matajiri wa mbali,
zinazotembea chini ya bendera ile
bila kuiona bandari yake hata siku moja.

Serikali: rais wanaye,
ila wananchi hawampangii foleni. Bunge humchagua.
Usukani anao waziri mkuu.
"Sasa rais anafanya nini?"
Anatia saini, Mihayo. Kaa chini.

Zimebaki dakika tano.
Wapo wasemao jina la kisiwa ni la Kigiriki cha kale
na maana yake ni asali;
wapo wanaobisha, wanasema ni bandari tu, ya Wafoinike.
Mimi siamui. Naandika ubaoni neno lao wenyewe,
la sokoni, la jikoni kwao, kama linavyosikika:
*asel*.

Nyamizi, ambaye baba yake yuko porini wiki ya tatu
akirina mizinga ya magome,
analisoma kwa midomo bila sauti.
Kisha kwa sauti. Kisha analimalizia
kwa irabu moja, ile tuliyonayo sisi.
Darasa lote linageuka kumtazama.
Upepo unaleta harufu ya nta kutoka ghala la ushirika
na kengele inachelewa kulia.

Jioni nasahihisha madaftari.
Niliwataka aya moja. Mihayo ameleta ubeti:

*Kwao hakupiti mto, maji huchuja bahari,*
*Uchumi wao wa moto, watalii na safari,*
*Bungeni ndiko uzito, atawalaye waziri,*
*Sisi tuna asali tu, wao wana jina lake.*

Nimempa tisa kwa kumi.
Mshororo wa mwisho una kosa: nyuki hata wao wanao.
Nimeishika kalamu nyekundu juu yake kitambo kirefu,
nikafunua daftari la Nyamizi.